Baiskeli ya mtumba kwenye upepo wa Dodoma: nilichobadilisha na nilichokiacha

Kabla hujampa fundi hela, jiulize baiskeli yako inakutesa wapi. Yangu ni ya chuma, magurudumu ya inchi 26, gia 21, breki za V zinazobana rimu, na shokapu mbele. Ilitumika Ujerumani kabla ya kufika kwetu, na nilipoinunua fremu ilikuwa nzima, haina ufa wala kutu ya kula. Natoka nayo Nzuguni, mashariki mwa mji, kwenda kazini mjini na kurudi, mgongoni begi, nyuma kwenye keria kitu chochote nilichotumwa na wa nyumbani. Anayeifahamu Dodoma anajua maadui wa njia hiyo: mbigiri, vumbi na upepo. Kila nilichonunua nilikipima kwa hao, na vitu vingi vinavyopendeza dukani viliishia hapohapo dukani.

Nilianza na matairi, na hata kama pesa yangu ingeishia hapo nisingelalamika. Mbigiri ni mmea mdogo unaotambaa pembezoni mwa barabara, una maua ya njano, na tunda lake likikauka linapasuka vipande vipande vyenye miiba. Kipande kikidondoka chini, mwiba mmoja lazima utazame juu. Mvua zikiisha, njia za vumbi za huku mtaani zinajaa hivyo vitu. Matairi yaliyokuja na baiskeli yalikuwa ya meno makubwa, yale ya kupandia milima yenye matope. Kwenye lami yanaguna, na katikati ya meno mpira ni mwembamba, kwa hiyo mwiba unapenya bila jasho.

Dawa ya mtaani ni kukata tairi kuukuu, kutoa zile waya za pembeni, na kulivisha ndani ya tairi zima. Inazuia miiba kweli. Tatizo lake ni kingo za hicho kipande, ambazo husugua tyubu taratibu mpaka itoboke yenyewe, na pale kinapoungana gurudumu linadundadunda. Ukiamua njia hiyo, zichonge kingo ziwe nyembamba na upake poda ndani. Dawa nyingine ni ule uji wa kuziba pancha unaomiminwa ndani ya tyubu. Kwa tundu la mbigiri unafaa sana, ila kwa mchano wa chupa hausaidii, na ukishaumwaga humo ndani, kubandika kiraka kunakuwa shughuli kwa sababu pamelowa.

Mimi nilibahatika. Ndugu yangu aliyekuja likizo kutoka Ujerumani alinibebea jozi ya Schwalbe Marathon Plus, saizi 26 x 1.75. Chini ya mpira unaokanyaga lami, haya matairi yana tabaka la mpira laini lenye unene wa milimita 5, kwa hiyo mwiba wa mbigiri unachoma, unakwama, na haufiki kwenye tyubu. Jioni nikiwa na nafasi napita na koleo kuing'oa. Pancha sasa ni habari ya kusimulia. Kasoro zipo: ni mazito, unaliona hilo kila unapoanza kuondoka kwenye taa, kuyavalisha kwenye rimu ni kugombana nayo, vidole vinauma, na ubavuni hayana kinga kama ile ya katikati, kwa hiyo jiwe lenye ncha bado ni adui. Bei yake nayo ni ya kukaa chini na kufikiri, maana jozi ilikaribia nusu ya nilichonunulia baiskeli yenyewe. Ningenunua tena.

Na tyubu chukua zenye valvu nene, ya aina ya pikipiki na gari. Ukiishiwa upepo njiani, fundi pikipiki yeyote mwenye kompresa anakusaidia. Ila simama karibu naye, ile mashine inajaza tyubu ya baiskeli kwa kufumba na kufumbua na kuipasua vilevile. Nyumbani tumia pampu yenye geji. Ile tabia ya kubonyeza tairi kwa kidole gumba inadanganya, hasa kwa tairi nene kama hili ambalo hata likiwa tupu linajifanya gumu. Kwa uzito wangu najaza 55 psi nyuma na 45 mbele. Usizidishe kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na usishuke chini ya kile cha chini.

Breki zilifuata, na hapa gharama ni ndogo kuliko unavyodhani. Raba za breki zikikaa miaka zinakauka. Zinaonekana nzima, lakini ukizikandamiza kwa ukucha haziachi alama, na ukibana kwenye mteremko unasikia kelele tu. Raba mpya nilizouziwa kwenye duka moja zilikuwa na ugumu uleule. Nikazirudisha, nikatafuta laini. Sasa kila ninapoosha baiskeli nazitazama uso wake, maana mchanga na vipande vidogo vya alumini hunasa humo na kuanza kuikwangua rimu. Navitoa kwa ncha ya kisu na kupitisha msasa.

Jambo moja la breki nataka mlishike. Kuna ganda la waya wa gia na kuna ganda la waya wa breki, na hayafanani. La breki ndani lina chuma kilichozungushwa kama springi. La gia lina nyuzi za chuma zilizonyooka kwa urefu. Ukiweka ganda la gia kwenye breki, siku utakayobana kwa nguvu zote linaweza kupasuka, na hiyo ndiyo siku uliyokuwa unaihitaji breki. Likate kidogo mwishoni uone kilichomo kabla ya kulipa. Nyaya mpya na ganda sahihi viliongeza breki kuliko mkono wowote wa bei mbaya.

Cheni sasa. Fundi wengi wa hapa, Mungu awabariki, wanapaka oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Kwa vumbi la Dodoma hiyo ni msasa. Vumbi linaganda, linasaga pini za cheni, cheni inarefuka, halafu inaanza kula meno ya sproketi. Kupima ni rahisi, unahitaji rula yenye inchi. Cheni ikiwa mpya, kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya 24 baada yake ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni peke yake. Ukisubiri mpaka izidi kwa moja ya nane, utanunua cheni na sproketi za nyuma pamoja, kwa sababu cheni mpya itakuwa inaruka kwenye meno yaliyochakaa. Nimeweka KMC ya gia saba, na oili ninayotumia ni nyepesi ya cherehani, tone moja kwa kila kiungo, kisha nafuta yote iliyobaki nje. Nyepesi inakauka haraka, kwa hiyo inabidi kurudia mara kwa mara. Naona ni heri hivyo.

Tuje kwenye upepo. Kiangazi upepo wetu unatoka mashariki na kusini mashariki. Asubuhi unanisukuma kwenda mjini, jioni unanikabili uso kwa uso nikiwa nimechoka na nimebeba mzigo. Hapo ndipo fundi wangu alipoanza kunishawishi: "Kaka, tuweke gia nyingi nyuma, na krenki ya alumini, uone itakavyoruka." Nikamwambia fundi, tupige hesabu kwanza. Mimi, begi na baiskeli tunakaribia kilo 90. Kupunguza kilo moja kwa vipuri vya bei ni asilimia moja na kidogo, na kwenye tambarare hutaisikia. Upepo ni mambo mengine. Ukienda kilomita 18 kwa saa na upepo unakuja na 18, hewa inakupiga kama uko kwenye 36. Na hewa ikiongezeka mwendo mara mbili, nguvu ya kukuzuia inaongezeka mara nne. Inayozuiwa zaidi ni kifua chako, wala si chuma.

Kwa hiyo nilichobadilisha ni mkao. Usukani tuliushusha kidogo na kukata ncha zake kila upande, maana ulikuwa mpana wa kukumbatia pipa. Siti niliipandisha. Kaa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha unyayo wa mbele kwenye pedali utabaki na mkunjo mdogo wa goti, na huo ndio urefu wako. Watu wengi barabarani wanaendesha magoti yakikaribia kidevu halafu wanalaumu gia. Zingatia ile alama kwenye nguzo ya siti, isionekane nje, la sivyo utavunja nguzo au fremu. Yote hayo nilimlipa fundi hela ya soda tu. Begi la mgongoni nalo nikalihamishia kwenye keria: linakamata upepo kidogo na shati linafika ofisini kavu.

Siti yenyewe nilibadilisha baadaye. Ile pana yenye jeli ni tamu ukiipima dukani, lakini ukikanyaga muda mrefu inasugua mapaja. Nyembamba na ngumu kiasi, inayobeba ile mifupa miwili ya makalio, ndiyo iliyonifaa. Wiki ya kwanza utanitukana.

Shokapu niliing'oa. Hizi za bei ya chini ni springi tu na plastiki, vumbi likishaingia zinakwama, na uzito wake ni wa bure. Fundi alikuwa na foki ya chuma ya kawaida kutoka kwenye baiskeli nyingine. Tulipima urefu wake kwanza, kutoka kwenye ekseli hadi inapokutana na fremu, kwa sababu foki fupi kupita kiasi inainamisha baiskeli mbele na usukani unakuwa mwepesi wa kuyumba. Yangu ililingana vya kutosha. Ukipita mashimo mikono inajua, siwezi kuficha, lakini ukikanyaga ukiwa umesimama baiskeli inaenda badala ya kunesanesa.

Gia nimeacha saba zilezile nyuma. Kwa kupanda kilima cha UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nilinunua frii-wili, lile fungu la sproketi za nyuma, yenye sproketi kubwa ya meno 34 badala ya 28, na kwa krenki ndogo ya meno 28 mbele hakuna mteremko wa hapa mjini unaonishinda kuupanda. Taa ya nyuma ya kuchaji, nyekundu, sihesabu kama urembo. Malori ya barabara ya Dar hayakusubiri.

Kinachofuata ni gurudumu la nyuma. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, za frii-wili zina udhaifu wake: beringi ya upande wa cheni inakaa mbali na fremu, kwa hiyo ekseli inabaki na urefu usio na egemeo, na ukibeba mizigo inapinda, mwisho inakatika. Habu ya kaseti inasogeza beringi nje karibu na fremu. Nimeshamwambia fundi aniwekee moja ya matundu 36 ya spoku ikitua, pamoja na rimu ya kuta mbili, na spoku za chuma kisichoshika kutu. Akinipigia simu kuniambia ana ya matundu 32, nitasubiri.