Mahakama ya Kadhi Nairobi 5/5, ile saiba (duka la kompyuta) ya nje 1/5

Kama mna mirathi ya kugawa na marehemu alikuwa Muislamu nendeni tu, lakini kabla mpande matatu hesabuni kwanza nani kwa familia anaswali wapi, manake sisi tuliulizwa hilo mapema kabisa na ndilo lililoamua mambo.

Ami yetu aliacha nyumba Majengo. Watoto wake wote Waislamu isipokuwa binti mkubwa, alilelewa na mamake na ni mtu wa kanisa. Kadhi akamuuliza yeye mwenyewe, si kupitia wazee, kama anafuata Uislamu na kama anakubali kusikizwa pale. Dada akasema hapana, kwa heshima tu. Basi, Kadhi akatuambia hiyo kesi si yake tena, tuipeleke Mahakama Kuu.

Wee, wazee walichemka! Ati hii ni mahakama ya Waislamu gani inamuogopa Mkristo mmoja. Lakini si woga, ni Ibara ya 170 ya katiba, Kadhi anasikiza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, na pande zote lazima wawe Waislamu na wakubali kuja mbele yake. Dada angeweza kuitwa kama shahidi, sheria ya hizo mahakama haibagui shahidi kwa dini, lakini kumkatia kesi ya mirathi bila ridhaa yake, hapo hapana.

Mi nilikumbuka zile kelele za 2010. Kuna viongozi wa makanisa walikuwa wameenda kortini tangu 2004, Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema makadhi hawafai kuwa ndani ya katiba, halafu Agosti hiyohiyo Wakenya wakapitisha katiba mpya na makadhi wakiwa ndani, na Ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa. Watu wakaapa ati sasa sharia imeingia kila nyumba. Mi niliyeona kwa macho yangu nasema Kadhi alimwachilia Mkristo haraka kuliko karani anavyokuachilia kwa kaunta ya ardhi. Serikali inamlipa mshahara, lakini mlango wake haumvuti mtu kwa nguvu.

Sasa sikieni hii, wengi hawaijui. Kuhamia Mahakama Kuu hakumaanishi dada amekwepa sheria ya Kiislamu, kwa sababu Sheria ya Urithi kifungu cha 2 inasema mali ya Muislamu inagawanywa kwa sheria ya Kiislamu hata huko. Inaangaliwa dini ya aliyekufa. Na wale waliokuwa wananong'ona ati mamake hakufungishwa nikaha kwa hivyo hana haki, pole zenu, Juni 2025 Mahakama ya Juu (Supreme Court, iliyo juu ya Mahakama Kuu) ilisema mtoto wa Muislamu hatanyimwa urithi eti kwa sababu amezaliwa nje ya ndoa. Najua kuna masheikh hawajafurahi na wana hoja zao za fiqhi (elimu ya sheria ya dini), mi siwezi kubishana nao, lakini kwa korti ndiyo msimamo kwa sasa.

Haya, saiba. Kesi siku hizi zinawekwa mtandaoni na ada unalipa kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, sasa kama hujui kompyuta unaangukia vijana wa nje. Yule wetu (simtaji) aliandika jina la marehemu kwa nafasi ya mlalamikaji, yaani maiti ndiye anashtaki, na kurekebisha akatutoza tena kama kazi mpya!! Halafu alitaka ada ya korti apewe mkononi. Msikubali, lipeni wenyewe na mtunze risiti.

Mkienda bebeni cheti cha kifo, vitambulisho na barua ya chifu, na hiyo barua itaje watoto wote, hata yule mnayemnong'ona.