Time Machine kwenye diski ya TB 1: uzoefu wangu na bekapu inayojaa kila mara

Ninachokipima hapa ni Time Machine, programu ya bekapu inayokuja na macOS, ikiandika kwenye diski ya nje ya TB 1 aina ya HDD (yenye sahani zinazozunguka). Kompyuta ina SSD (hifadhi isiyo na sahani) ya GB 512, kwa hiyo ushauri wa Apple kwamba diski ya bekapu iwe angalau maradufu ya hifadhi ya Mac umekosa kutimia kwa kiasi kidogo tu. Kwa kurejesha faili iliyofutwa sijaona programu rahisi kuliko hii. Kwa kutunza nafasi, ni bubu. Haisemi ni kitu gani kinakula diski, ndiyo maana wengi hukimbilia kununua TB 2, nayo ikajaa kwa sababu ileile.

Kwanza, diski ya Time Machine kujaa si hitilafu. Imeundwa ijae. Huweka bekapu za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma zaidi. Nafasi ikiisha hufuta ya zamani kuliko zote na kuendelea na kazi. Ukiona zimebaki GB 5 kwenye TB 1, lala usingizi wako. Yanayohitaji kushughulikiwa ni mawili: ujumbe kwamba bekapu inahitaji nafasi kubwa kuliko iliyopo, na historia inayozidi kufupika. La pili ni baya zaidi kwa sababu mara nyingi haliji na ujumbe wowote. Ipe Terminal (programu ya kuandikia amri) ruhusa ya Full Disk Access kwenye Privacy & Security, kisha andika:

tmutil listbackups

Kama diski umeitumia mwaka mzima lakini tarehe ya kwanza kwenye orodha ni ya wiki iliyopita, kuna kitu kinazisukuma nje bekapu za zamani.

Karibu kila mara kitu hicho ni faili chache kubwa zinazobadilika kila saa. Wingi wa faili hauna neno: picha elfu kumi zisizoguswa hunakiliwa mara moja tu, na bekapu zinazofuata hutumia nakala hiyohiyo. Sasa chukua diski ya mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta yako) yenye GB 60; kwa Mac, diski hiyo ni faili moja. Ukiiwasha tu, imebadilika. Kwenye diski ya bekapu yenye mfumo wa faili wa zamani wa HFS+, kipimo cha Time Machine ni faili nzima, kwa hiyo ikibadilika baiti moja, GB 60 zote zinanakiliwa upya. Mashine pepe ikikaa wazi mchana kutwa na usiku kucha, hiyo ni 60 mara 24, yaani GB 1,440 kwa siku. TB 1 imekwisha kabla hata ratiba haijaanza kupunguza bekapu za kila saa.

Tangu macOS Big Sur ya 2020 hali ni nafuu. Diski mpya ya bekapu hufomatiwa kwa APFS, mfumo wa faili mpya wa Apple, kila bekapu inakuwa snapshoti (taswira ya data yote ilivyokuwa wakati huo), na faili kubwa iliyobadilika inaweza kunakiliwa zile sehemu zilizobadilika tu. Lakini diski iliyoanza na HFS+ inabaki HFS+ hata ukisasisha macOS mara ngapi, na hakuna njia ya kuigeuza bila kuifuta. Fungua Disk Utility, bofya diski ya bekapu, soma mstari ulio chini ya jina lake. Ukikuta Mac OS Extended, ambalo ni jina jingine la HFS+, hapo ndipo penye faida kubwa kuliko pote, na nitaparudia chini.

Kumsaka mlaji ni kazi ya dakika chache. Fanya kazi zako za kawaida kwa saa moja, kisha:

find ~ -type f -size +500M -mmin -60 2>/dev/null

Amri hii inaorodhesha faili zinazozidi MB 500 zilizobadilika ndani ya dakika 60. Ukitaka kuona za siku nzima, badala ya -mmin -60 weka -mtime -1. Wanaojitokeza huwa ni walewale: diski za mashine pepe, faili ya Docker.raw (diski ya mashine pepe ya programu ya Docker), faili za muda za programu za kuhariri video, na hifadhidata. Bekapu za iPhone zilizo kwenye ~/Library/Application Support/MobileSync/Backup kwa kawaida hazitaonekana hapo, kwa kuwa kila moja ni faili nyingi ambazo karibu zote ni ndogo. Zipime hivi:

du -sh ~/Library/Application\ Support/MobileSync/Backup

Ukikuta humo kuna simu uliyokwisha kuiuza, iondoe kupitia Finder kwa kitufe cha Manage Backups. Usifute folda zake kwa mkono. Waandika programu nao wapime ~/Library/Developer/Xcode/DerivedData na kila node_modules: maelfu ya faili ndogo zinazofutwa na kuundwa upya, ambazo find ya hapo juu itazipita kimya. Ukitaka ushahidi wa Time Machine yenyewe, kumbukumbu zake za utendaji (log) zinasomeka:

log show --last 2h --info --predicate 'subsystem == "com.apple.TimeMachine"'

Hutoa maneno mengi mno, lakini ndani yake kuna mistari inayotaja ukubwa wa kilichonakiliwa. Linganisha bekapu mbili zinazofuatana. Kama kazi yako ni maandishi na barua pepe, na kila bekapu inabeba GB kadhaa, bado hujampata unayemtafuta.

Ukimpata, mwondoe kwenye bekapu: System Settings, General, Time Machine, Options, kisha alama ya kujumlisha. Kwa anayependelea Terminal:

sudo tmutil addexclusion -p /njia/ya/folda

Hiyo -p ina maana kubwa. Ukiiweka, katazo linashika njia: chochote kitakachokaa mahali hapo hakinakiliwi. Usipoiweka, katazo linashika kitu chenyewe na kukifuata hata kikihamishwa. Kwa DerivedData, ambayo hufutwa na kuundwa upya, tumia -p, la sivyo folda mpya itazaliwa bila katazo. Hakikisha kwa tmutil isexcluded ukifuatisha njia. Mashine pepe uliyoiondoa sasa haina ulinzi, kwa hiyo izime na uinakili mwenyewe kwenye diski nyingine kwa ratiba unayoiweza. Nakala iliyochukuliwa mashine ikiwa imezimwa inaaminika kuliko iliyochukuliwa ikiwa inafanya kazi.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu baada ya kuweka katazo nafasi hairudi. Katazo linahusu bekapu zijazo. Nakala za zamani za faili hiyo bado zimo ndani ya bekapu zilizokwisha kufanyika. Enzi za HFS+ uliweza kuingia kwenye Time Machine, ukachagua faili na kufuta bekapu zake zote. Kwenye APFS chaguo hilo halipo: snapshoti ni ya kusomwa tu, hutoi faili moja ndani yake. Unafuta snapshoti nzima au unaiacha. Kwangu hili ndilo pungufu kubwa la mfumo mpya, ingawa naelewa sababu yake. Uthabiti wa bekapu umetokana na hilohilo.

Kufuta snapshoti nako kuna mtego. Katika Disk Utility chagua volyumu (sehemu ya diski inayojitegemea) ya bekapu, nenda View, kisha Show APFS Snapshots. Orodha inatokea chini, na safu ya Private Size inaonyesha nafasi inayomilikiwa na snapshoti hiyo peke yake. Tuseme faili ya GB 60 isiyobadilika imo kwenye snapshoti kumi mfululizo. Zote kumi zinaichangia, kwa hiyo GB hizo hazitaonekana kwenye Private Size ya yeyote kati yake. Futa tisa, nafasi haisogei. Futa ya kumi, GB 60 zinarudi kwa mkupuo. Basi ukifuta moja huku na moja kule utadhani diski imeharibika. Chagua kipindi kizima ambacho faili ilikuwamo, anza na ya zamani kabisa, usiruke. Kwa amri:

sudo tmutil delete -d /Volumes/JinaLaDiski -t 2025-01-15-093012

Tarehe na saa uzinakili kama zilivyo kwenye tmutil listbackups. Kwenye HDD kazi hii ni ya kinyonga, kwa sababu APFS ilitengenezwa ikilenga SSD na hutawanya taarifa zake diski nzima. Usichomoe kebo kwa kudhani imeganda. Kwa mwenye HFS+ onyo ni jingine: usiiburute folda ya Backups.backupdb kwenda kwenye Trash. Kumwaga kapu lenye bekapu kunaweza kuchukua saa nyingi na kukwamia njiani.

Wako walaji wengine ambao Time Machine haiwagusi kamwe. Haifuti faili ulizoweka mwenyewe kwenye diski ileile. Ukiwa na GB 400 za filamu hapo, diski yako ya bekapu ni ya GB 600, basi. Kwenye APFS dawa ni kuongeza volyumu ya pili kwa kitufe cha kujumlisha ndani ya Disk Utility, na katika Size Options kuiwekea Quota Size, maana volyumu zilizo ndani ya kontena moja la APFS hugawana nafasi na isiyo na kikomo huimeza nyenzake. Pia kagua kama kuna bekapu za kompyuta ya zamani. Kwenye HFS+, kila Mac ina folda yake ndani ya Backups.backupdb, na ya mashine uliyoachana nayo haitaondoka yenyewe.

Usichanganye haya na kujaa kwa diski ya ndani. Time Machine huweka pia snapshoti kwenye Mac yenyewe, na utaziona kwa tmutil listlocalsnapshots ukifuatisha alama ya mkwaju (/). macOS huzifuta inapohitaji nafasi. Kuzifuta hakutaongeza hata KB moja kwenye diski ya nje.

Ule ujumbe wa bekapu kuwa kubwa mno hutokea hata pale ambapo kuna bekapu kibao za kufutwa. Bekapu ya mwisho iliyokamilika Time Machine haiigusi. Kama data ya Mac ni GB 450 na umeingiza GB 600 za video kwenye diski nyingine ya nje ambayo nayo imo kwenye bekapu, hata ikifuta historia yote, TB 1 haitoshi. Sababu nyingine iliyojificha ni kubadilisha Photos kutoka Optimize Mac Storage kwenda Download Originals: picha zilizokuwa iCloud zinashuka zote, na bekapu inayofuata inavimba ghafla. Katika hali hizi mbili, na hizi tu, diski kubwa zaidi ni jibu la haki.

Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni ratiba. Kuanzia macOS Ventura, Options ina chaguo la bekapu ya kila siku au kila wiki badala ya kila saa. Kwa mwenye faili kubwa asizoweza kuziondoa, kila siku inamaliza tatizo karibu lote. Gharama yake ni kwamba diski ya Mac ikifa jioni, kazi ya siku hiyo imekwenda nayo.

Kwa wenye Windows wanaotumia File History mambo ni mepesi kidogo, lakini mpangilio wake wa awali ni mbaya kuliko wa Time Machine: hunakili kila saa na huweka matoleo yote milele. Ingia Control Panel, File History, Advanced settings, na pale penye Forever weka Until space is needed au idadi ya miezi. Kisha bofya Clean up versions, maana kubadilisha mpangilio pekee hakusafishi yaliyokwisha kurundikana. Na kama TB 1 yako inasomeka GB 931, hakuna kilichoibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa 1,000 na Windows inagawa kwa 1,024.

Narudi kwa mwenye HFS+. Kuanza upya na APFS kunastahili usumbufu wake, ila historia yote inapotea, kwa hiyo lifanye ukiwa na diski ya pili. Unganisha hiyo ya pili, iongeze Time Machine kama mahali pengine pa bekapu, na uache bekapu kamili ya kwanza imalizike. Kwa GB 400 kwenye HDD tenga usiku mzima. Kisha iondoe diski ya zamani kwenye orodha ya Time Machine, ifute kwa Disk Utility ukichagua GUID Partition Map na APFS, na uiongeze upya. Kitufe cha kufuta usikiguse kabla hujarejesha walau folda moja kutoka diski ya pili na kuzifungua faili zake.