Risasi ya .22 kwa anayeanza mashindano ya shabaha: uzoefu wangu Mbeya na Iringa

Kwa anayeanza mashindano ya mita 50, nunua .22 LR, yaani risasi ndogo ya kipenyo cha inchi 0.22 hivi, ya mwendo wa kawaida. Kwenye boksi tafuta kichwa cha greni 40, yaani gramu 2.6 hivi, na mwendo wa mita 320 hadi 330 kwa sekunde. SK Standard Plus ya Ujerumani, CCI Standard Velocity ya Marekani na Eley Club ya Uingereza zote ziko humo. Nimezitumia kwenye bunduki za bolti, zile unazofungua na kufunga kwa mkono kila risasi, na sioni sababu ya anayeanza kulipia risasi ghali za mashindano kama Tenex au Lapua za juu kabla mkono wake haujatulia.

Wawindaji wengi wa huku wana bunduki za risasi kubwa za kuwindia, .308 au .30-06, na hudhani wataanzia hapo. Sishauri. Teke lake linamzoesha mgeni kufumba macho na kukaza bega kabla triga haijaachia, na tabia hiyo ikishaingia huchukua miezi kuitoa. Gharama nayo ni kubwa, na mazoezi ya maana ni risasi 50 kwa siku, si tano.

Maboksi ya kasi, yale ya mita 380 kwa sekunde, huvutia macho dukani. Yaache. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20. Risasi ya kasi hutoka ikiwa imeipita sauti, halafu hewa inaikaba mpaka inashuka kwenye mwendo wa sauti huko huko njiani, na hapo ndipo inapoyumba. Kwa kuwa inakabwa zaidi, upepo nao huisogeza zaidi kuliko ile ya polepole. Wengi hubisha mpaka waone karatasi.

Upepo ndio mtihani wetu mkubwa, hasa Makambako na mchana wa Iringa. Upepo wa pembeni wa mita 4 hadi 5 kwa sekunde huisogeza risasi ya kawaida kama sentimita 2.5 kwenye mita 50. Duara la kumi, lile la katikati lenye alama kumi, lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, na kutoka mstari wa duara moja hadi wa linalofuata ni milimita 8. Kwa hiyo kumi yako imekuwa saba bila wewe kukosea chochote. Funga utepe mwepesi wa mafundi cherehani kwenye vijiti viwili, kimoja mita 10 mbele yako na kingine mita 30, na usifyatue mpaka tepe zote zilale kama zilivyolala ulipopiga risasi iliyotangulia.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: jina la kampuni halitoshi. Kila boksi lina namba ya toleo, yaani ya mkupuo mmoja wa risasi zilizotengenezwa pamoja, na mtutu mmoja unaweza kulipenda toleo hili na kulikataa lile la kampuni hiyo hiyo. Tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi na risasi hushusha tundu kwa karibu milimita 8, duara zima. Huwezi kuirekebisha nyumbani pia, kwa sababu .22 haijazwi upya. Unga wa kuwashia umo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda.

Ninavyopima: nachukua boksi moja moja la matoleo matatu au manne. Bunduki nailaza juu ya mifuko ya mchanga. Kila nikibadili aina napiga kwanza risasi 10 hadi 15 pembeni bila kuzihesabu, maana nta inayopakwa kwenye kichwa hutofautiana na mtutu unahitaji kuizoea mpya. Kisha makundi matano ya risasi tano tano, kila kundi karatasi yake. Kundi moja zuri si ushahidi. Nikilipata toleo linalokaa ndani ya milimita 15 kila mara, nanunua kiasi chote ambacho kibali kinaruhusu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inahusu risasi pia, kwa hiyo panga manunuzi yako mapema.

Asubuhi za Juni na Julai, Mbeya, Njombe na hasa Makete, baridi hugandisha nta na kupunguza mwendo, na matundu yote yanashuka. Weka boksi mfuko wa ndani wa koti, si juu ya nyasi zenye umande wala kwenye dashibodi juani. Mwinuko wenyewe haubadili mwendo wa sauti; baridi ndiyo inayobadili.

Itazame risasi kabla ya kuipakia. Ile nta inanata, na vumbi jekundu la kiangazi huganda juu yake kama sukari kwenye andazi. Chembe moja ya mchanga ikiingia inakwaruza mtutu. Iliyodondoka chini iweke kando, usiifute kwa shati na kuirudisha.

Ikigoma kulipuka, mdomo wa mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo ufungue bolti. Ukiona alama ya pini, ile sindano inayogonga kitako cha ganda, ni hafifu, safisha pini na nyumba yake kabla ya kulaumu risasi. Risasi zikianza kuingia kwa kusukumwa, au tundu moja moja likiruka nje ya kundi, angalia mbele ya chumba cha risasi: masizi hujijenga pale kama pete. Mswaki wa shaba na mafuta kidogo vinaitoa. Na usifyatue .22 ikiwa tupu kama mwongozo wake hauruhusu, kwani pini hugonga ukingo wa chumba na kuutia pengo.

Udogo wake usikudanganye; .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Nyuma ya karatasi liwe tuta la udongo usio na mawe, si miti ya mkaratusi. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana risasi hizi ni madini ya risasi yenyewe, na yanabaki vidoleni.