Jeli ya Maurten kwenye nusu Ironman: tumbo linaikubali, maji na chumvi jitafutie

Nusu Ironman ni triathloni ya kilomita 113: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, kisha kukimbia kilomita 21.1. Mwanamichezo wa ridhaa hukaa njiani saa tano na nusu hadi saba, na kwa muda wote huo lazima ale. Sehemu ngumu ni hapo penye kula. Mtu aliyefanya mazoezi miezi sita anashuka kwenye baiskeli akiwa na miguu mizima, anafika kilomita ya nane ya kukimbia, tumbo linasokota, jeli ya matunda inarudi kooni, anaanza kutembea. Maurten, kampuni ya jeli na vinywaji vya wanga vya kuwapa wanamichezo nguvu njiani, imejipatia jina kwa ahadi ya kulituliza tumbo hilo, na hiyo ndiyo ahadi inayopimwa hapa.

Kampuni ni ya Sweden, na huku kwetu ilijulikana kupitia Eliud Kipchoge, aliyekuwa akinywa kinywaji chao alipokimbia Berlin mwaka 2018 kwa saa 2:01:39. Mfano huo una uzito wake, lakini usimpotoshe mtu wa triathloni. Kipchoge alikimbia saa mbili asubuhi ya Septemba katika hali ya hewa ya Ulaya, akipewa chupa yake mkononi. Wewe utakuwa juani kwa muda mara tatu ya huo, umelala juu ya usukani tumbo limekunjwa, na labda umeshameza maji ya bahari.

Bidhaa zinazohusika ni tatu. Gel 100 ni pakiti ya gramu 40 yenye wanga gramu 25. Gel 100 CAF 100 ina wanga huohuo pamoja na kafeini miligramu 100. Drink Mix 320 ni kifuko cha unga cha gramu 80 kinachokorogwa kwenye maji nusu lita, na karibu unga wote ni wanga. Iko pia Drink Mix 160, ambayo ni nusu ya hiyo kwa maji yaleyale, na inawafaa wanaoanza kulizoeza tumbo.

Ukifungua pakiti ya jeli, kinachotoka hakifanani na zile jeli za kunata kama asali. Ni kipande kilichoganda, kinakatika mdomoni kama faluda, kina utamu wa kadiri na hakina ladha ya matunda wala rangi. Kinachokigandisha ni alginati, inayotokana na mwani wa kahawia. (Mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni mwekundu na hutoa karaginani, lakini kazi ni ileile, kugandisha.) Ndani ya mgando huo mna glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo ndio wenye maana kubwa kuliko yote. Utumbo hupitisha glukosi kwa mlango mmoja, na mlango huo hujaa kwenye gramu 60 hivi kwa saa. Fruktosi ina mlango wake. Ukitumia milango yote miwili, mtu aliyezoea anaweza kufikia gramu 90 kwa saa bila mzigo kubaki tumboni ukivuta maji na kuleta kuhara.

Na mgando wenyewe unasaidia? Kampuni inasema wanga ukifungwa hivyo hupita tumboni upesi zaidi. Tafiti huru zimegawanyika: baadhi hazikuona tofauti ya maana na kinywaji cha kawaida chenye uwiano uleule wa sukari. Kwa hiyo sababu ya kuinunua ni nyingine, nayo mtu huihisi waziwazi: baada ya saa nne za vitu vitamu, jeli isiyo na ladha bado inamezeka. Hainati kwenye meno na haiachi utamu kooni. Saa ya tano ya mashindano, kitu kinachomezeka kina thamani kubwa.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni ufunguaji. Pakiti huchanwa juu, na vidole vyenye jasho, mafuta ya jua au maji ya chumvi huteleza. Wengi huishia kuing'ata kwa meno, kipande cha jeli kinaruka na kuangukia goti. Dawa ni kuichana kidogo tu usiku wa kuamkia mbio, robo ya upana, bila kuitoboa, kisha kuibandika kwa utepe kwenye bomba la juu la fremu, upande uliochanwa ukiwa huru. Baki na karatasi hadi ufike kwenye meza ya maji, kwa sababu kutupa taka nje ya eneo hilo kuna adhabu.

Ya pili ni kwamba haiyeyuki. Wako waliozoea kukamulia jeli tano au sita za kawaida kwenye chupa moja, wakaongeza maji na kutikisa. Ukifanya hivyo na hii utapata vipande vinavyoelea na kuziba mdomo wa chupa. Kama unataka kunywa wanga, tumia unga wa 320, na hapo pia pana masharti. Nusu lita kwa kifuko, isipungue. Tanguliza unga, mimina maji ya kawaida yasiyo na gesi, tikisa, acha dakika chache, tikisa tena. Usikamulie ndimu, wala usitumbukize kidonge cha chumvichumvi chenye kalsiamu na magnesiamu: unga umetengenezwa ugande kwa asidi ya tumboni, na asidi au kalsiamu inaweza kuanzisha mgando ndani ya chupa. Kwa joto la pwani korogea alfajiri, au usiku na uweke kwenye friji. Chupa ya sukari iliyolala mezani usiku kucha Mombasa si ya kuaminika.

Ya tatu ndiyo kubwa: jeli haina maji ya kutosha, na chumvi yake ni kidogo mno. Hapa ndipo wengi huilaumu bidhaa kwa kosa la mpango. Vifuko viwili vya 320 vinakupa lita moja kwa saa tatu za baiskeli, na mtu mwenye jasho la wastani kwenye joto la nyuzi 30 anaweza kupoteza kiasi hicho kwa saa moja. Jipime kabla ya siku ya mbio: jipime uzito ukiwa mtupu, endesha saa moja kwa kasi ya mashindano, jifute, jipime tena, kisha ongeza ulichokunywa. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Si lazima kuirudisha yote, ila ukiirudisha kidogo sana, jeli itakaa tumboni kama jiwe.

Kosa la upande wa pili ni hatari zaidi, hasa kwa wanaomaliza kwa saa saba: kunywa maji matupu kila meza pamoja na jeli zisizo na chumvi. Sodiamu ya damu inashuka, mtu anavimba vidole, anatapika, anachanganyikiwa, na wenzake wakidhani ana kiu wanamwongezea maji. Chumvi ibebwe kando, kwenye chupa ya maji wala si kwenye chupa ya 320. Robo kijiko cha chai cha chumvi ya mezani kina sodiamu takriban miligramu 590. Anayetoka jasho linaloacha ramani nyeupe kwenye nguo anaweza kuhitaji kiasi cha namna hiyo kwa saa. Asiye na ramani atahitaji pungufu.

Mpango ufuatao ni wa mtu wa kilo 65 hadi 75 anayemaliza kwa saa sita na robo hivi: kuogelea dakika 45, baiskeli saa 3:10, kukimbia saa 2:10, mengine ni kubadilisha vifaa.

Dakika 15 kabla ya kuingia majini, jeli moja na mafunda matatu manne ya maji. Usiimeze saa nzima kabla, kwa sababu kwa baadhi ya watu sukari ya damu hupanda kisha huporomoka wakiwa bado wamesimama kwenye foleni. Ukitoka majini usile kitu. Mapigo ya moyo yako juu, damu imekimbilia kwenye misuli, na kama uliogelea baharini kuna uwezekano umemeza maji yenye chumvi gramu 35 kwa lita. Dakika 15 za kwanza za baiskeli ni za maji matupu, mpaka tumbo litulie. Kwenye maji ya Ziwa Kivu, pale Rubavu ambako Ironman 70.3 ya Rwanda (70.3 ni jina rasmi la nusu Ironman) ilianza mwaka 2022, chumvi hiyo haipo, lakini uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari na pumzi huchelewa kushuka. Subiri vilevile.

Kisha chupa ya kwanza ya 320, funda mbili kila dakika 10, iishe kwenye saa 1:20 ya baiskeli. Jeli kwenye saa 1:30. Chupa ya pili hadi saa 2:35. Jeli ya kafeini kwenye saa 2:45, ili kafeini iwe kazini unapoanza kukimbia. Jumla ni gramu 210, yaani gramu 66 kwa saa, na juu yake lita moja na nusu hadi mbili za maji yenye chumvi kutoka chupa ya mbele na meza za njiani. Chupa za wanga ziweke kwenye vishikizo vya ndani ya fremu. Vile vya nyuma ya tandiko hurusha chupa kwenye matuta, na ukipoteza chupa moja ya 320 umepoteza gramu 80. Kwa sababu hiyohiyo beba jeli mbili za akiba.

Katika kukimbia, jeli nne: dakika ya 10, 40, 70 na 100. Hiyo ni gramu 46 hivi kwa saa, chini ya kiwango cha baiskeli kwa makusudi, kwa sababu mtikisiko wa kukimbia hupunguza kinachovumilika. Ifungue ukiiona meza ya maji, hatua hamsini kabla. Kula nusu, chukua kikombe, kibane mdomo kiwe kama mfereji, kunywa, malizia nusu ya pili. Usichanganye jeli na kola au kinywaji kingine cha sukari kwenye meza ileile. Ukinywa kola, ruka jeli inayofuata. Ukisikia maji yanachezacheza tumboni, hakipiti kitu: punguza mwendo dakika tatu, usiongeze chochote, kisha rudi kwa funda ndogo.

Viwango hivi havifai kwa tumbo lisilozoezwa. Anza na gramu 40 kwa saa kwenye mazoezi marefu, ongeza 10 kila wiki, na upate wiki sita hadi nane kabla ya mbio.

Bei ndiyo inayouma. Nje, jeli moja huuzwa dola 3 hadi 4 na zaidi, kabla ya usafirishaji na ushuru. Mpango ulio hapo juu ni jeli saba na vifuko viwili, yaani zaidi ya dola 30 kwa siku moja, bila kuhesabu za akiba wala za mazoezi. Kwa mazoezi mengi hakuna haja. Sukari ya mezani nayo ni glukosi na fruktosi, nusu kwa nusu: vijiko vitano vya chakula vilivyosawazishwa, kama gramu 60, ndani ya maji mililita 750 na robo kijiko cha chai cha chumvi, hutosha saa moja ya baiskeli. Humu ndimu inaruhusiwa. Kinachokosekana ni wepesi wa kubeba na ule utamu wa kadiri. Ukifika saa ya tatu utamu wa sukari unachosha. Tende zinapendwa pwani na zinafaa kwenye baiskeli, mbili tatu kwa wakati, ila katika kukimbia nyuzinyuzi zake na kule kutafuna ni shida.

Kwa triathloni fupi ya mita 750, kilomita 20 na kilomita 5, usitumie pesa hizi. Akiba ya wanga mwilini inatosha, na jeli moja ni ya kujipa moyo. Kwa ile ya Olimpiki, kilomita 1.5, 40 na 10, chupa moja ya 320 na jeli mbili zinatosha.

Anayetaka kuijaribu asianze kwa boksi zima. Nunua jeli tatu na kifuko kimoja, subiri siku ya mazoezi marefu yenye joto, endesha saa mbili kwa chupa hiyo na jeli moja, shuka, vaa viatu na ukimbie dakika 40 ukila mbili zilizobaki. Kama dakika ya 40 bado unaweza kuitazama pakiti bila tumbo kugeuka, agiza.