TAHADHARI kwa wanaosubiri kazi za nje ya chuo: imeili ya "profesa" ni wizi mtupu

Jamani, naandika nina hasira na aibu. Wa kucheka acheke, ila asome kwanza.

Mnajua nilivyohangaika tangu gari life. Nilijaza FAFSA, ile fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa masomo, na chuo kikanikubalia kazi ya mwanafunzi, imo kabisa kwenye barua ya msaada, lakini nafasi za ndani, maktaba na kwingineko, zilikuwa zimejaa. Ofisi ya msaada wa masomo wakasema subiri za nje, huwa kwenye mashirika yasiyo ya faida. Nikasubiri.

Jumatatu usiku natoka kubeba boksi, niko kwenye basi, imeili hiyo. Anwani ya chuo chetu, mwisho .edu! Profesa anatafuta msaidizi wa shirika la watoto, saa 7 kwa wiki, dola 350. Jina lake nikalitafuta, yupo kweli, na picha yake ipo. Wewe ungekataa?

Alhamisi akatuma picha ya cheki ya dola 2,450. Nichapishe, nisaini nyuma, niipige picha kwenye programu ya benki. Nimeichapisha maktaba kwa hela yangu, yaani nimelipia senti za kuibiwa mwenyewe! Ijumaa asubuhi hela hizo hapo. Nimeangalia salio mara tatu. Nikamtumia mama 100 kwa furaha. "Profesa" akaandika: toa 350 yako, 2,100 mpelekee muuza vifaa vya watoto kwa Zelle, ile njia ya kutumiana hela papo hapo benki kwa benki, kabla ya saa sita, watoto wanasubiri. Nimesimama pale kituoni, mvua inaninyeshea, natuma 1,500, kisha 600. Akajibu "Mungu akubariki, mwanangu." Mwanangu!

Jumatano cheki ikarudi. Feki. Salio langu hasi 2,020. Benki wanasema uliyetuma ni wewe. Kumbe wao hukuwekea hela kabla cheki haijathibitishwa kule ilikotoka, halafu ikikataliwa deni ni lako. Hilo nani aliwahi kutuambia?

Na ile anwani ni ya mwanafunzi mwenzetu aliyeibiwa nywila. Profesa mwenyewe hana habari.

Huyu mwizi akamatwe. Afungwe, na akitoka afungwe tena! Anakula hela za watu wanaolala saa nne kwa siku. Nimeripoti FTC, wakala wa serikali wa kulinda walaji, na polisi wa chuo, wameniandikia namba ya kesi, basi.

Dalili zilikuwepo, nakiri. Alitaka tuhamie kwenye Gmail yangu na meseji. Hakukubali kupigiwa simu hata mara moja. Halafu kazi hizi chuo ndicho kinachoandikiana mkataba na shirika, zinapitia ofisi ya msaada wa masomo, na hulipwi kabla hujafanya kazi. Haya yote nimeyajua Jumatano.

Mama bado hajui. Na jana yule mwizi kaandika tena, anauliza kama niko tayari kwa cheki ya wiki ya pili.