RAV4 ya mwaka 2003, miaka miwili Dodoma: kilichoharibika na nilicholipa

"Gari haidai kitu, dada. Ni kuweka mafuta na kuondoka." Ndivyo muuzaji alivyoniambia mwaka 2023, nami nikamlipa milioni 12 na nusu kwa Toyota RAV4 ya mwaka 2003, namba D, injini ya lita mbili, inayovuta magurudumu yote manne. Nilikuwa nimelizunguka mara tatu, nimesikiliza injini, nimewasha kiyoyozi, nimeingia uvunguni na tochi. Kitu kimoja sikukifanya: sikufungua kifuniko cha rejeta asubuhi, injini ikiwa baridi, nikaona kilichomo. Hilo limenigharimu zaidi ya milioni moja. Ninaandika kwa sababu magari ya umbo hili yanauzwa kila siku hapa mjini, na wanaoyanunua ni watu waliodunduliza kama mimi.

Wiki tatu baada ya kununua nilikwenda Morogoro msibani. Kwenda ni kuteremka. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na Morogoro mjini ni kama 500, hivyo mshale wa joto haukutikisika njia nzima. Kurudi ndiko kulikonionyesha. Tulipita Dumila tukaanza kupanda kuelekea Magubike, nyuma ya lori lililokuwa linatambaa, jua la saa nane, kiyoyozi kimewashwa, tumo wanne. Mshale ukavuka nusu. Nikajipa moyo kwamba utashuka tukilipita lori. Kabla ya Gairo ukagusa alama nyekundu, mvuke ukatoka kwenye boneti, nikasimama pembeni mikono ikinitetemeka.

Kijana wa bodaboda alikuja mbio na dumu la maji. Mzee mmoja aliyekuwa anauza vitunguu kando ya barabara akamzuia: "Mwache binti, gari lipumue kwanza. Ukifungua rejeta sasa maji yatakurukia usoni." Tulikaa pale karibu saa nzima. Namshukuru mzee yule mpaka leo, maana yale maji yanakuwa yamefungiwa kwa mgandamizo, na kifuniko kikifunguliwa yangali moto yanafumka yote kwa pamoja.

Tulifika Dodoma usiku, tukisimama kila baada ya kilomita chache. Kesho yake fundi alifungua rejeta, akachota tope la kahawia. Alipoitoa akanionyesha mirija: imeshika ukoko mweupe, uleule unaokaa ndani ya birika la chai nyumbani. Mkazi wa Dodoma hahitaji kuelezwa ukoko huo ni nini. Maji yetu mengi ni ya visima, na yana chumvi.

"Dada, hili limenyweshwa maji ya bomba miaka mingi," fundi akasema. "Halafu themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haipo. Mtu kaitoa."

Niliuliza kwa nini mtu aitoe. Kumbe ni kawaida: gari likichemsha, fundi mwenye haraka anaitoa themostati ili maji yazunguke muda wote, mshale unashuka, mteja anaondoka amefurahi. Ugonjwa wenyewe, yaani rejeta iliyoziba, unabaki palepale. Na injini isiyofikia joto lake inakula mafuta, kwa sababu kompyuta ya gari inadhani bado ni asubuhi na inaongeza petroli. Wiki zile tatu nilikuwa nalalamikia mafuta kila nikipita kituoni, nikidhani ndivyo gari la lita mbili lilivyo.

Kifuniko cha rejeta nacho kilikuwa kimelegea. Nilikidharau mpaka nilipoelezwa. Kwa mwinuko wa Dodoma maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Injini inafanya kazi karibu na hapo. Kinachozuia yasichemke ni ule mgandamizo unaoshikwa na kifuniko, pamoja na kuluenti, ile dawa inayochanganywa kwenye maji ya rejeta. Kifuniko kibovu na maji matupu, halafu mlima: ndiyo Magubike yangu.

Bei nilizolipa ni hizi. Rejeta mpya 220,000, kifuniko 15,000, themostati 35,000, wota pampu 90,000, kuluenti 60,000. Ningeishia hapo ningeshukuru. Lakini gari lilikuwa limeshachemsha, gasketi ya hedi, yaani ya sehemu ya juu ya injini, imeungua na hedi imepinda. Seti ya gasketi 180,000, kusawazisha hedi kwa fundi wa mashine 70,000, ufundi 250,000, oili na filta 95,000. Jumla 1,015,000. Kabla ya kufunga, fundi alizikagua bolti za hedi moja baada ya nyingine, na ninakuomba umsimamie wako afanye hivyo. Bloki ya injini hii ni ya aluminiamu, na ikishachemshwa sana nyuzi zinazoshika bolti zinaweza kung'oka. Ukifunga hedi juu ya nyuzi zilizochoka, gasketi mpya nayo itaungua. Zangu zilikuwa nzima.

Sililaumu gari kwa haya. Lilikuwa na miaka 20 na lilinyimwa kuluenti.

Vurugu ya pili ilikuwa miguu, yaani shokapu na vyuma vinavyoshika magurudumu. Mama yangu anaishi Kondoa ndani, baada ya lami kuisha, na ile barabara ina rasta zinazokung'ata meno. Kukaanza mlio wa ko-ko-ko mbele kushoto kila nikikanyaga tuta. Fundi wa kwanza alitaka kubadilisha shokapu zote nne. Nilikwenda kwa mwingine, akalinyanyua gari akashika chuma kimoja kimoja: stabilaiza linki zimekwisha, bushi za wishiboni zimepasuka, shokapu za mbele mbili zinavuja, za nyuma nzima. Pamoja na ufundi na alaimenti nililipa 510,000. Mlio umeisha na tairi hazilika upande tena.

Kuhusu injini yenyewe. Hii ni ile ya D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu za kuingiza hewa hazioshwi na petroli kama kwenye injini za kawaida, basi masizi yanajijenga taratibu. Langu lilianza kutetemeka kwenye silensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, linapanda na kushuka nikiwa nimesimama kwenye taa. Kusafisha throto na manifoldi 120,000, plagi nne 100,000, likatulia. Pampu yake ya mafuta ni ya mgandamizo mkubwa na haitaki petroli chafu, hivyo ya vidumu vya kando ya barabara siigusi hata nikiwa njiani Kondoa na taa ya mafuta imewaka. Ea klina naitoa kila mwezi kuanzia Agosti mpaka mvua zianze. Vumbi la upepo wa hapa sina haja ya kulisimulia. Kama huendi njia mbaya, tafuta ile ya cc 1,800 ya umbo hilihili: haina D-4, na ina mambo machache ya kukuumiza kichwa.

Gia boksi haijanisumbua. Nilibadilisha mafuta yake mara moja, nikamtaka fundi aweke T-IV kama inavyotakiwa, na nikakaa pale mpaka nikaona kopo linafunguliwa.

Ningelinunua tena? Ndiyo, na kwa moyo mmoja. Spea zinapatikana Dodoma hapahapa, mafundi wanalijua, kwenye lami linakwenda kilomita kumi kwa lita, na mvua za Januari limenivusha korongo ambalo gari dogo lingelala. Ila muuzaji ningemwomba nije saa kumi na mbili asubuhi kabla hajaliwasha, nifungue kifuniko, nichovye kidole. Ningeona kahawia, ningepunguza milioni moja papo hapo au ningeondoka.

Mwezi uliopita nimekwenda tena Morogoro. Nilipanda Magubike na kiyoyozi kimewashwa, mshale ukabaki chini kidogo ya nusu mpaka Gairo. Buti lina galoni ya kuluenti. Kinachodai sasa ni injini mauntingi ya kulia, ile raba inayoshikilia injini, nimetajiwa 120,000, nitaiweka mwisho wa mwezi.