Mashine ya matofali ya intaloki: tumejengea madarasa ya shule yetu ya UPE hapa Busia, Uganda, haya ndo maoni yangu

Watu wengi wamekuwa wakiniuliza kuhusu ile mashine ya kutengeneza matofali ya intaloki, yale yenye meno yanayoshikana, tuliyokodi shuleni, wengine ni wazazi wa shule za jirani, wengine ni mahedmasta kabisa, kwa hivyo wacha niandike yote mahali pamoja. Kama shule yenu inataka kuongeza madarasa na mko na maram nzuri (ule udongo mwekundu wenye changarawe) karibu, kodini, msisite. Kama shida yenu ni jengo la zamani lenye nyufa, hii mashine haitawafaa sana, nitaeleza kwa nini. Naipa nyota 4 kati ya 5.

Kwanza mjue hali tuliyokuwa nayo. Shule ni ya serikali, ardhi ni ya kanisa, majengo ya mbele yamejengwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. UPE, yaani elimu ya msingi ya bure kwa wote, ilipoanza 1997 watoto wa shule za msingi nchi nzima waliruka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja, na sisi kuta zetu zilikuwa zile zile. Baadaye yaliongezwa madarasa kwa pesa za SFG, ile ruzuku ya majengo inayopitia wilayani, lakini watoto nao waliendelea kuja, na ni vizuri waje. P1 yetu, yaani darasa la kwanza, ni zaidi ya watoto mia kwenye chumba kimoja, P2 walikuwa wanasomea chini ya mwembe, mvua ikija wanaingizwa kwa P3, basi hapo mwalimu anafundishia mlangoni maana ndani hakuna pa kuweka mguu. Chumba kizuri wanapewa P7 kwa sababu ya PLE, ule mtihani wa kumaliza msingi. Wadogo ndo wanaumia na wadogo ndo wanaojifunza kusoma, hiyo kitu inaniuma sana.

Sasa pesa. Kapitesheni, yaani ruzuku ya serikali kwa shule kulingana na idadi ya watoto, ni karibu shilingi elfu 20 kwa mtoto kwa mwaka, piga hesabu mwenyewe, shule ya watoto elfu moja inapata kama milioni 20, igawe kwa temu tatu, na hiyo ni ya vitabu, chaki, michezo na kuendesha ofisi, haijengi darasa. Ya kujenga inatoka wilayani na wilaya ina foleni ndefu, kila mwaka wanachagua shule chache. Na Sheria ya Elimu ya 2008 imekataza shule ya UPE kutoza karo, mzazi anachanga kwa hiari yake, mtoto hafukuzwi eti mzazi hajatoa. Mimi hiyo sheria naiunga mkono kwa moyo wote, najua watoto ambao wangekuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Kwa hivyo sisi wa kamati tulikubaliana kile kidogo ambacho wazazi wanatoa kiingie kwenye kitu ambacho kila mtu anakiona kwa macho kikipanda.

Mashine yenyewe ni chuma tupu, unavuta mpini kwa mkono, haina injini, haitaki umeme. Nyingi utakazoziona hapa Uganda zinaitwa Makiga, zinatoka Nairobi, na kwa upande wetu mtu aliyefanya kazi kubwa kuiendeleza hii teknolojia ni Dkt. Moses Musaazi wa Makerere. Unachimba udongo wa chini, unauchekecha, unachanganya na simiti kidogo, asilimia 5 hadi 10 kulingana na udongo wako, unatia maji kidogo sana, unajaza kwenye kalibu, unavuta mpini, tofali linatoka limebanwa likiwa na meno yake juu, chini na pembeni. Moja lina kilo kama 8 hadi 10 na mita moja ya mraba ya ukuta inakula kama 35. Halichomwi. Yaani hakuna tanuri, hakuna lori la kuni, na nyinyi mnaoishi huku mnajua miti imebaki mingapi tangu kila mtu aanze kuchoma matofali.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni fundi aliyekuja na mashine, kijana mpole, hakukimbilia kuchanganya simiti. Siku ya kwanza alituomba chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akajaza udongo nusu, akatia maji na chumvi kidogo, akatikisa akaiweka kwenye dirisha la ofisi ya hedmasta. Baada ya muda ukaona matabaka, mchanga chini, juu yake ule unga laini, kisha mfinyanzi. Tulikuwa tumemchimbia udongo mweusi wa karibu na bustani akaniambia, "Mama, huu ni wa kulimia mahindi, tuachieni huo, mchimbe chini mpaka mpate ule mwekundu wenye changarawe." Tukachimba. Alipopata ule anaoutaka akaanza kupima maji, anachukua mchanganyiko anaufinyanga kama donge kiganjani, ananyoosha mkono kifuani na kuliachia lianguke. Likipasuka vipande vichache maji yametosha, likisambaa lote limekauka, likibaki limebonyea tu maji yamezidi. Alifanya hivyo kila mara kabla ya kujaza kalibu, hata vijana wetu wakaanza kufanya wenyewe bila kuambiwa.

Kazi yote walifanya watu wa hapa hapa, na hii kwangu ni faida kubwa kuliko hata bei. Ukinunua matofali ya kuchoma pesa inaenda kwa mwenye tanuri na mwenye lori. Hapa pesa ya vibarua ilibaki kwa wazazi, mzazi asiye na hela ya kuchanga alichimba au aliteka maji kutoka kisimani na tukamwandikia kwamba ametoa mchango wake. Wazee nao walikuja, kuna mzee mmoja hawezi kuinua kitu kizito lakini alikaa kivulini akihesabu matofali jioni na hesabu yake ndo tulikuwa tunaiamini. Hizo hesabu tulizibandika kwenye ubao nje ya ofisi, mifuko ya simiti iliyoingia, matofali yaliyotoka, yaliyovunjika, pesa iliyolipwa. Msipuuze hilo. Nchi hii hii miaka ya 1991 hadi 1995 utafiti wa Reinikka na Svensson ulionyesha kwamba kati ya pesa za kapitesheni zilizotolewa na serikali kuu, shule zilikuwa zinafikiwa na asilimia 13 tu kwa wastani, nyingine zote ziliishia njiani. Serikali ilipoanza kutangaza kwenye magazeti na kubandika shuleni kiasi kilichotumwa, ikapanda ikapita asilimia 80 kufikia 2001. Sababu si hiyo peke yake lakini mimi naamini karatasi ukutani inafanya kazi, wazazi waliposoma ile yetu michango ikaongezeka bila mtu kwenda kugonga mlango wa mwenzake.

Haya sasa matatizo.

La kwanza ni kumwagilia. Tofali likitoka kwenye mashine linaonekana limeiva na watu wanataka kujenga wiki hiyo hiyo. Hapana. Linapangwa kivulini, linafunikwa na nailoni au nyasi, linamwagiliwa kila siku kwa wiki nzima angalau, halafu linaachwa likomae mpaka kama siku 28. Hapo ndo shule nyingi zinaharibu, maana hakuna wa kulipwa kwa kumwagilia. Weka mtu mmoja mwenye jina lake kwenye daftari, na umlipe. Hapa mjini kuna muuzaji anayeuza yaliyo tayari alituletea sampuli, kwa bei ya kuvutia kweli, tukatia moja kwenye ndoo ya maji likalala usiku. Asubuhi kona zote zilikuwa tope, ukiligusa linatoka na vidole. Ya kwetu tulitia kwenye ndoo ile ile likatoka na meno yake yote. Kwa hivyo ushauri wangu ni kodi mashine na fundi wake, utengeneze mwenyewe, na ukilazimika kununua omba moja ulilaze kwenye maji kabla hujatoa hata shilingi.

La pili, kuta si nyumba nzima. Intaloki inakupunguzia kwenye matofali, inakupunguzia mota maana yanashikana yenyewe, ukitaka unaacha bila plasta na inapendeza, lakini msingi, sakafu, linta, kenchi, mabati, milango na madirisha bei yake ni ile ile. Na usianze intaloki kutoka ardhini, chini jenga kwa mawe au matofali ya kuchoma hadi pale matone ya mvua hayarukii, na paa litokeze vizuri nje. Kuna shule nimeona kuta zimesimama nzuri tu lakini paa halipo kwa sababu pesa iliishia hapo, mvua imekuja mara kadhaa, sasa zinamong'onyoka. Msianze ukuta kabla hamjajua mabati yanatoka wapi. Sisi ya mabati ilitoka kwa watu wa hapa wanaofanya kazi Kampala na wafanyabiashara wa mpakani, tuliiweka benki kwanza ndo tukaita mashine.

Kwenye hiyo bajeti tieni na kinga ya radi, tafadhali. Juni 2011 radi iliua watoto 18 na mwalimu wao pale shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo, wakiwa darasani. Ni chuma, waya na shimo, ukilinganisha na gharama ya paa ni kitu kidogo, na bado shule kibao hazina.

La tatu ndo lililoninyima kutoa nyota ya tano. Tulitaka kutumia hii hii intaloki kuziba kona ya lile jengo la zamani ambayo imepasuka kutoka dirishani mpaka chini. Fundi alipima akakataa, na alikuwa na haki. Vipimo havilingani na matofali ya zamani, meno hayana cha kushika, ukiyalazimisha unapata kiraka kinachosimama peke yake na ufa unarudi pembeni yake. Ile kona inataka matofali ya kawaida, msingi uchimbuliwe uangaliwe, na kenchi zilizoliwa na mchwa zitolewe zote. Hiyo ni pesa ambayo michango ya wauza mboga na waendesha bodaboda haiwezi kubeba na haipaswi kubeba. Serikali inajenga sekondari mpya zinazoitwa seed kwenye sabkaunti ambazo hazikuwa na sekondari, ni jambo zuri sana, mimi nashukuru, lakini shule kongwe za msingi hazina fungu la ukarabati la kila mwaka ambalo hedmasta anaweza kulipanga. Zinangoja mpaka upepo ung'oe paa ndo barua ianze kutembea. Wakitenga hata kidogo kwa kila shule, kiwe cha kurekebisha tu, mabati mawili yatabadilishwa mapema na ukuta hautalowa.

Kuhusu huduma ya waliotukodisha, mashine ilifika siku waliyosema, ila bamba la ndani ya kalibu lilikuwa limelika na matofali ya mwanzo yakatoka yamepinda upande mmoja. Tuliwapigia wakaleta lingine kesho yake bila maneno mengi. Ukipokea mashine toa matofali machache, yapange moja juu ya jingine, weka pima maji, yakicheza usisaini karatasi ya kupokea.

Madarasa mawili yamesimama, P2 wako ndani, na P1 tumeigawa mikondo miwili ingawa mwalimu wa pili bado tunamwomba wilayani.

Kwa wanaotaka kukodi, ongeeni nao mapema, Oktoba hivi. Likizo ndefu ya Desemba hadi mwisho wa Januari kila mtu anaitaka, jua ni kali, uwanja hauna watoto, na ndo wakati mzuri wa kukomaza matofali mkijenga kabla mvua za Machi. Nendeni na chupa yenu ya udongo, fundi akiiangalia tu atawaambia kama safari ina maana.